Mlango wa Bi Halina

Mlango wa mbele ulikuwa umeibwa. Haukuvunjwa: uliibwa mzima, pamoja na kitasa chake na karatasi ya mahakama iliyobandikwa juu yake asubuhi ileile. Mahali pake mwizi alikuwa amepigilia ubao mpya, nadhifu, usiopitisha hata chembe ya theluji ya mji wa Buffalo, Marekani.

Inspekta Regina Dombek aliutazama ubao, kisha akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Ni benki inayonidai mkopo wa nyumba," alisema Bi Halina Piskorz, mjane wa miaka sabini na mmoja, akikunja mapazia ndani ya sanduku. "Wameanza na mlango. Kesho watafuata paa."

"Benki haibebi milango, Mama. Karatasi ilisemaje?"

"Sikuisoma. Nilikuwa naenda sokoni kununua soseji. Niisome ya nini? Kwenye filamu nimeona: karatasi asubuhi, jioni makochi yako kwenye theluji. Leo saa kumi napanda basi kwa dada yangu Toledo. Sitatupwa, mwanangu. Nitatoka kwa miguu yangu."

Regina alishtuka. Aliwajua wengi waliopoteza nyumba hivyo, wakifukuzwa na hofu kabla ya hakimu kusema neno. Na bila karatasi ile mkononi, Bi Halina asingemwamini mtu.

Alirudi nje kukagua. Pini za bawaba zilichomolewa kwa utulivu, bila mkwaruzo. Alama za vidole hazikuwapo. Ndipo akaiona chaki. Juu ya ubao, mwizi alikuwa ameandika upya baraka ambayo padri huiandika kwenye milango ya mtaa ule kila Januari, herufi za kwanza za majina ya wafalme watatu waliomzuru mtoto Yesu: K, M, B.

Mwizi gani huyu, anayeiba mlango na kurudisha baraka?

"Mama, mwaka huu padri aliandika herufi zipi?"

"C, M, B. Kijana yule hajui Kipolandi, maskini. Sisi masista walitufundisha K."

"Nani mwingine bado anaandika K?"

Bi Halina aliacha kukunja. "Kazimierz, wa nyumba ya pili. Seremala mstaafu."

Mzee Kazimierz Wrobel alifungua akiwa na mashavu mekundu.

"Asubuhi ulikuwa wapi, Mzee?"

"Hapahapa."

"Na huo weupe kwenye mkono wa koti?"

"Unga. Nilikuwa napika."

"Umejifunza lini kupika? Mtaa mzima unajua unaishi kwa samaki wa kopo."

Mzee aliguna, akatangulia bandani. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya blanketi mbili, kama mgonjwa.

"Nimeuchukua mimi," alikiri. "Nilijua jioni watakuja kumtoa. Nikawaza: pasipo mlango, hapana tangazo. Pasipo tangazo, hatoki."

"Si ungebandua karatasi tu?"

"Kubandua karatasi ya mahakama ni kosa, Inspekta!"

Regina alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaisoma karatasi. "Huu ni mwanzo wa kesi, Mzee. Ana siku thelathini za kujibu, halafu mahakama itamwita yeye na benki wakae mezani. Hukumu na mnada viko mbali, na huenda visifike. Filamu huyakata haya yote, maana hakuna atakayelipa kiingilio kutazama watu wakijaza fomu. Sasa niambie ukweli. Kwa nini ulijiingiza hatarini?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Miaka minane, kila Ijumaa, najipanga kuubisha mlango huu. Nafika kwenye ngazi, narudi. Angehama kabla sijabisha hata mara moja."

Waliubeba pamoja, wakaurudisha kwenye bawaba. Regina alimweleza Bi Halina yote, pamoja na ile miaka minane, akampa namba ya wakili wa bure wa kumpigia Jumatatu. Bi Halina aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaichana tiketi ya basi.

"Utamshtaki?" Regina aliuliza.

"Adhabu yake nitaitoa mwenyewe."

Aliingia ndani, akaufunga mlango. Kazimierz alibaki kwenye theluji.

"Halina! Baridi!"

"Mtu akitaka kuingia kwangu hupiga hodi," sauti ilijibu. "Huna haja ya kuondoka na mlango."

Mzee alimgeukia Inspekta. Inspekta alijifanya anaandika ripoti.

Vilisikika vipigo vitatu, vya aibu, juu ya mlango wa mwaloni.

"Hatimaye," alisema Bi Halina. "Karibu."