Mshono kwenye Kiti cha Dereva

Kila asubuhi, mumewe akishatoka kwenda kuoka mikate, fundi cherehani aliyeitwa Pindo alifungua dirisha la chumba chake cha kazi. Alipangusa vumbi kwenye cherehani, akatia tone la mafuta, akatunga uzi. Kisha, kabla hajashona hata mshono mmoja, alitazama picha iliyobanwa ukutani kwa pini nne.

Ilikuwa picha ya gari. Gari dogo, jekundu, la chini chini, lenye milango miwili na pua ndefu. Lilikuwa gari la Kijapani, la aina inayotengenezwa kwa mbio. Jina la utani la Pindo lilitokana na pindo za nguo alizoshona vizuri kuliko mafundi wote wa mtaa. Lakini moyoni hakuwa fundi wa nguo. Moyoni alikuwa dereva.

Alipokanyaga pedali, cherehani ilinguruma, naye akaondoka. Mwili ulibaki kitini ukishona sare za shule. Roho ilikuwa barabarani. Miti ilipita taratibu, kona zilikuja laini, na barabara haikuwa na mwisho.

"Umefika wapi leo, mwanangu?" aliuliza baba yake kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Nimevuka daraja, baba. Huku kuna ukungu."

"Basi washa taa. Na punguza mwendo, usije ukanishonea suruali yenye miguu mitatu."

Baba huyo alikuwa dereva kwa miaka thelathini na minne. Magari yote aliyoendesha yalikuwa ya watu wengine. Pindo alipokuwa mdogo, baba alimpakata kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama uani likisubiri kuoshwa. Aliuweka mkono wa mtoto juu ya gia, kisha wake juu ya ule. "Sikiliza injini," alimwambia. "Yenyewe itakuambia lini ubadilishe." Pindo hakuusahau mkono ule.

Sasa baba alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema wazi kwamba dawa zingepunguza kasi ya ugonjwa, lakini mwanga uliokwisha kupotea haurudi. Baba aliona maumbo ya watu na rangi kali tu. Nyekundu bado aliiona.

Hilo ndilo lililomkimbiza Pindo. Alitaka baba yake aone gari lake la kwanza kabla giza halijafika. Kwa miaka saba alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya gari hilo peke yake. Akiba hiyo ikipotea, hakukuwa na nyingine.

Siku moja alikwenda kununua vifungo mjini. Akapita mbele ya yadi ya magari yaliyotumika. Miguu ikagoma kuendelea. Gari la kwenye picha lilikuwa pale, jekundu vilevile, limeegeshwa kwenye kivuli likimtazama.

"Karibu, dada," alisema muuzaji. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na viatu vyake viling'aa kama magari yake. "Limetoka Japani mwezi jana. Lilikuwa la mwalimu mmoja mzee. Alikuwa anakwenda nalo sokoni tu. Kaa, usiogope."

Pindo akaingia. Mlango ukajifunga kwa sauti nzito na laini. Ndani kulikuwa na harufu ya ngozi na manukato. Kwenye dashibodi aliona kilomita elfu arobaini na mbili. Akashika usukani, na mara yadi ikayeyuka. Akaiona barabara yake. Akamwona baba pembeni yake, anacheka.

Mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya kazi, ukateleza kwenye ubavu wa kiti. Ukasimama. Pale palikuwa na mshono mrefu kuliko mingine. Uzi wake ulikuwa mpya. Ngozi ya upande huo ilikuwa nene kidogo kuliko ya kwingine. Vidole vya fundi viliona yote hayo. Lakini mwenye vidole hakutaka kusikia. Akautoa mkono, akauweka tena kwenye usukani. Kipenda roho hula nyama mbichi, na siku hiyo Pindo alikuwa tayari kula hata mfupa.

"Nipe siku mbili," alimwambia muuzaji.

"Siku mbili ni nyingi, dada. Kuna bwana mmoja anakuja kesho mchana. Ukilitaka, tanguliza nusu ya bei kwa simu, mimi nitalifunika turubai lisionekane tena."

Nyumbani alisimulia yote. Mumewe, mwokaji, alisikiliza huku unga ukiwa bado kwenye nyusi zake.

"Milango miwili," alisema. "Sawa. Nyinyi mtakaa mbele. Mimi nitakaa wapi, kwenye boneti?"

"Kuna viti viwili vidogo nyuma."

"Vidogo kiasi gani?"

"Vya kumtosha mtu asiyekula mikate mingi."

Walicheka. Baba hakucheka sana. "Jekundu kweli?" aliuliza. "Jekundu linalowaka?"

"Linalowaka, baba."

"Basi fanya haraka kidogo, mwanangu," alisema polepole. Pindo akageuza uso, machozi yalikuwa karibu.

Asubuhi iliyofuata simu ilikuwa mezani, karibu na mkasi. Namba ya muuzaji ilikuwa tayari kwenye kioo. Alibakiza kubonyeza tu. Ndipo akaingia mteja, mama mmoja mwenye gauni la buluu mkononi.

"Nipunguzie kiunoni," alisema mteja. "Ni jipya, nimelinunua jana dukani."

Pindo akaligeuza ndani nje. "Mama, hili si jipya. Limefumuliwa hapa na kushonwa upya. Angalia uzi, si wa rangi moja. Tena hapa kwapani pamekwisha. Mwenzio amelivaa sana."

"Lakini muuzaji ameniapia!"

"Muuzaji ana mdomo. Mimi naangalia mshono."

Mteja akaondoka akinung'unika. Pindo akabaki amesimama na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe, na yalimchoma. Alikagua gauni la mtu kwa dakika moja. Gari lake, akiba ya miaka saba, hakutaka kulikagua hata kwa kidole. Akaizima simu. Akatoka kwenda nyumba ya pili kumtafuta jirani yake.

Jirani huyo alikuwa fundi wa magari, mwanamke kijana mwenye mikono imara na utani mwingi. Mtaa mzima ulimwita Spana. Alimkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Spana, nataka kununua gari."

Miguu ikatulia. Spana akatoka na doa la oili puani. "Umeshalipa chochote?"

"Bado."

"Alhamdulillahi! Dada yangu, wengi huja kwangu wakishalipa. Wakati huo mimi si fundi tena, ni wa kutoa pole tu. Kanuni ya kwanza: usitoe hata senti kabla gari halijakaguliwa na fundi uliyemchagua wewe. Si fundi wa muuzaji. Wa kwako."

Pindo akamweleza kuhusu kilomita chache na ule mshono. Spana akamkazia macho.

"Dada, wewe umeona kitu ambacho mimi nisingekiona. Dereva akiingia na kutoka kila siku, anasugua ubavu ule wa kiti. Kilomita elfu arobaini haziwezi kuumaliza mpaka ushonwe upya. Kilomita zinaweza kurudishwa nyuma. Kiti, usukani na pedali havirudishwi. Kesho twende mapema, injini ikiwa baridi."

Walifika yadi ikifunguliwa. Gari lilikuwa bado pale; yule bwana wa jana mchana hakuwa amelichukua. Spana akaweka kiganja juu ya boneti. "Lina moto. Nani amelipasha?"

"Nilitaka lisiwasumbue," alisema muuzaji.

"Hatuna haraka. Tutasubiri lipoe."

Wakakaa kwenye viti vya plastiki mpaka jua likafika utosini. Spana hakupoteza muda huo. Alilala chini akaangalia kwa tochi, akaona chuma kilichochomelewa karibu na gurudumu la mbele. Alichukua sumaku ndogo, akaifunga kitambaa ili isikwaruze, akaipitisha kwenye mlango. Ilinata. Kwenye ubavu wa mbele, wa chuma kilekile, ilidondoka.

"Hapa kuna lipu nene chini ya rangi," alimnong'oneza Pindo. "Limegongwa likajazwa. Sasa tazama pedali ya klachi. Mpira umelika mpaka chuma. Magari haya ya mbio, dada, wengi huyakimbiza kweli. Usinunue hadithi ya mwalimu mzee wa kwenda sokoni."

Injini ilipopoa, wakaiwasha. Moshi wa buluu ukatoka nyuma, ukaning'inia hewani.

"Linakula oili," alisema Spana.

Muuzaji akatoa karatasi. "Hii hapa ya mnada wa Japani. Kila kitu kimeandikwa."

Ilikuwa nakala iliyofifia. Spana akamweleza Pindo bila kushusha sauti: "Magari mengi yanayopita mnadani kule hukaguliwa na kuandikiwa karatasi kama hii. Ina kilomita za siku ile, na mchoro wenye alama palipogongwa. Ni kitu kizuri. Lakini nakala ya muuzaji inaweza kughushiwa. Wewe soma namba ya chesisi kwenye chuma cha gari lenyewe. Ilinganishe na hati zote. Kisha uombe nakala yako kwa watu wanaohakiki, wasiojuana na muuzaji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi moja."

Pindo akainama, akaisoma namba herufi kwa herufi, akaiandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, chini ya mabega na viuno.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Siku ya mnada gari lilikuwa limetembea kilomita laki moja na elfu themanini na sita. Ubavu wa mbele ulikuwa na alama ya ajali.

Pindo alilia. Alilia kwa sababu lilikuwa zuri, na kwa sababu alikuwa ameshaendesha nalo mbali sana kichwani. Ilimbidi amwambie baba.

"Si hili, baba. Tutasubiri."

Baba aligeukia picha ukutani. "Ningependa kuliona," alisema. "Lakini sikukufundisha kupanda gari bovu. Subiri."

Walisubiri miezi minne. Spana alitazama magari sita, akayakataa sita. Pindo naye aliuliza mambo ambayo zamani asingeyauliza: bei ya spea na kama zinapatikana, bima ya gari la aina ile, na mafuta linayokunywa. Gari moja zuri waliliacha kwa sababu taa yake ya mbele tu ingemgharimu kazi ya miezi mitatu. Jingine waliliacha kwa sababu ya baba. Spana alitaka kila atakayelipanda akae ndani kwanza, na baba alishindwa kutoka mpaka akavutwa na watu wawili.

Miezi hiyo ilikuwa na bei yake. Picha ilibaki ukutani, lakini baba hakuiona tena. Kwanza ilipotea nyeusi, kisha kijani, mwisho nyekundu.

Gari la saba lilikuwa la kijivu. Lilikuwa na milango miwili na pua ndefu, na liliinuka kidogo kutoka chini. Kilomita zake hazikuwa chache, lakini zililingana na karatasi, pedali na kiti. Injini iliwaka ikiwa baridi, bila moshi. Pindo alipitisha vidole kwenye mishono yote ya kiti cha dereva. Uzi ulikuwa mmoja, wa kiwandani, umechakaa kwa haki. Akalipa, akaandikiana na mwenye gari, na hati zikabadilishwa jina kabla ya jua kuzama.

Asubuhi yake, mume na Spana walijipenyeza kwenye viti vya nyuma, magoti yakiwa kidevuni. "Kesho napunguza mikate," alisema mume. Baba akaongozwa kwenye gari. Alilipapasa lote, kuanzia taa mpaka nyuma, kisha akaingia mwenyewe bila kuvutwa.

"Rangi gani?" aliuliza.

Pindo alikuwa ameliogopa swali hilo tangu jana. "Kijivu, baba. Nisamehe. Jekundu nilikosa, na wakati umetupita."

Baba akavuta mkanda, akaufunga. Alisema tu, "Washa."

Injini ikaamka. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Linapumua vizuri," alisema. "Halina kikohozi. Twende."

Wakatoka mtaani, wakashika barabara kubwa. Miti ilipita taratibu, na kona zilikuja laini, zilezile alizozizoea. Mkono wa Pindo ulikuwa juu ya gia. Baba akautafuta kwa kupapasa, akauweka wake juu. Injini ikapanda sauti.

"Bado," alisema baba. "Bado... Sasa."

Pindo akakanyaga klachi, na kwa pamoja wakaingiza gia ya tatu.