Ndala za Duara la Tatu

Mwaka ule wa rashi ya dhahabu, watu walipomiminikia machimbo, Athuman, fundi kompyuta, alikuwa jirani yangu Tarime mjini. Jumanne asubuhi nilikuwa dukani kwake nikisoma gazeti, akaingia Mokami wa Nyanungu na diski ya kompyuta iliyofungwa kwenye kanga yenye vumbi jekundu la machimbo.

Machimbo yalikuwa yamemfukia mumewe, Heche, siku nne nyuma, pamoja na karani wao. Mashimo yalikuwa matatu, wenyewe huyaita maduara. Hakuna aliyejua Heche alishuka lipi, na kesho yake yangesawazishwa yote.

“Kila asubuhi wanavua ndala mdomoni mwa duara, karani anazipiga picha. Ndiyo mahudhurio yao,” alisema Mokami. “Za mume wangu ni za tairi, nilizishona kwa waya wa bluu. Kompyuta ya karani haiwaki, wamenichomolea hii.”

Athuman aliweka kaunta makasha mawili ya kuunganishia diski.

“Pole, dada. Hili jembamba ni la diski za laptop. Yako ni ya kompyuta ya mezani, inataka hili pana lenye adapta yake. Bila umeme wake haizunguki.”

Akaifunga kwenye lile pana, akaunganisha na laptop. Diski ikavuma. Picha ya siku ya ajali ikafunguka. Waya wa bluu ulikuwa duara la tatu.

Mokami hakulia. Alinyoosha kidole kando ya laptop.

Adapta ilikuwa kaunta. Haijachomekwa.

Diski iliendelea kuvuma.

Walimtoa Heche Jumatano, wakamzika nyumbani. Jumatatu Mokami alirudi.

“Kaka, nipe diski nikaifukie.”

Athuman alicheka. “Gigabaiti mia tano uzifukie? Niachie niweke filamu, hayo ndiyo malipo yangu.”

“Ni ya watu wa chini,” alinong’ona, akaondoka.

Athuman aliifuta yote. Mchana akaniita. Sauti ilikuwa ndogo.

Ilibaki picha moja. Siku ya ajali. Duara la tatu. Ndala za tairi hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na kandambili za kijani, mkanda wa kushoto umeunguzwa na chuma cha kuchomelea.

Nilichungulia chini ya kaunta. Alikuwa amezivaa.

“Sijawahi kufika machimbo,” alisema.

Nikamwambia azivue. Akavua.

Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Nyayo zake zilikuwa na udongo mwekundu, mbichi.