Ulimi wa Fundi Thaddée

Kigari cheupe kiligoma katikati ya barabara kuu ya Mbarara. Magari yalipiga honi nyuma yake, na ndani Olga, katika kitenge chake cha manjano, alitokwa jasho. Gauni la bi harusi lilikuwa limelazwa kwenye kiti cha nyuma. Kigari chenyewe kilikuwa cha zamani, kifupi, chenye taa mbili za mviringo. Maharusi wa Nakivale, kambi ya wakimbizi, walikikodi, na ndicho kilichomlisha. Sasa kila alipoingiza gia, kilisaga meno.

"Zima gari, dada," sauti ya mwanamume ilisema dirishani. "Haya, weka gia."

Gia iliingia bila kelele.

"Washa. Weka tena."

Krrrr!

"Basi giaboksi ni nzima. Ni ambreyaji haiachii. Hapa wanaiita klachi."

"Naijua klachi. Mi si mutoto."

"Samahani, mama mkubwa."

Olga alitaka kukasirika, akacheka. Jamaa huyo, Thaddée, alikuwa Mrundi aliyekulia Rubondo, hukohuko kambini, akajifunza ufundi mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na sasa aliishi Mbarara. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi! Walisukuma gari hadi pembeni, naye akalala chini yake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Fimbo inasogea kidogo tu, haifiki." Akatoka, akafungua kikopo cha mafuta ya klachi. Ndani mlikuwa na uji mweusi. Akachovya kidole, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema.

Olga alirudi nyuma hatua moja. "Eh! Unalamba uchafu?"

"Machungu. Ni mafuta ya breki kweli, ndiyo klachi inatumia, ila yamechoka. Na mipira ya kuziba silinda imechakaa."

"Na mudomo huo ndio unakulia chakula?"

"Na kuongea na warembo."

Aliweka mipira mipya na mafuta mapya, kigari kikawa chepesi. Simu zikaanza.

"Umepiga mswaki?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Olga.

"Mara mbili, sheri wangu."

"Piga ya tatu. Jumapili nakuja."

Mvua zilipoanza, Thaddée alikuwa amekwisha kusema atatuma wazee wa posa kwa mjomba Patient, aliyemlea Olga. Patient alikaanga samaki kwenye karai sokoni Base Camp, katikati ya kambi, na siku za harusi ndiye aliyeshika usukani wa kigari.

Ikaja harusi ya mteja mmoja, Jocelyne. Mbele ya kanisa, kigari kiligoma tena. Bi harusi alishuka kwenye tope, viatu vyeupe vikazama, vijana wakapiga miluzi. Aibu ilimpanda Olga hadi masikioni.

"Ule Murundi wako alikuwekea mipira ya zamani," mjomba alisema. "Na ndiye atanitumia wazee?"

Olga alipiga simu palepale.

"Mi nasikia kinyaa, Thaddée. Mwanzo kilikuwa cha ulimi wako. Leo ni cha wewe muzima."

Thaddée alijibu, polepole: "Mipira ilikuwa mipya, Olga."

"Usitume wazee."

"Sawa. Lakini mtu asiguse kile kikopo mpaka nifike."

"Unaogopa nini?"

"Sijui bado. Nikishaona, nitasema."

Kesho yake Thaddée alishuka kwenye bodaboda pale sokoni, kigari kilikokuwa kimesukumwa, ovaroli haikupigwa pasi. Olga aliliona hilo, likamchoma. Thaddée hakutania. Alirudia vipimo vilevile: gari ikiwa imezimwa, gari ikiwa imewaka, kanyaga, achia. Kisha akachomoa mpira wa silinda ya chini. Ulikuwa umevimba, umelegea, unateleza kama konokono aliyetolewa gambani. Nzi wa kijani walikuja upesi.

"Si nilisema?" Patient alikunja mikono. "Mipira mibovu!"

"Mafuta ya breki hayavimbishi mpira huu," Thaddée alisema. "Kuna kitu kingine kimeingia." Akauweka mpira juu ya kitambaa, bila kumtazama mtu.

Olga alisogea, akanusa, akasisimka mwili mzima. Halafu akachovya kidole kwenye kikopo, akafumba macho, akalamba.

Chumvi. Kitunguu. Kambale aliyekaangwa, na mafuta yake yakakaangiwa tena na tena. Aliinama, akatema, akatema tena. Alikuwa amekula kutoka karai hilo tangu utotoni.

"Mujomba. Ni mafuta ya karai yako."

Patient alitazama kandambili zake. "Ya klachi yalikuwa yamepungua kidogo, nikaongeza. Mafuta ni mafuta."

"Na wakati natukana mutu ku simu, ulikuwa unajua?"

"Ungeninyang'anya usukani. Na huyu atakupeleka Mbarara, mi nibaki na nani?"

Alirudi kwenye samaki wake. Olga alimtazama mgongo, akajiona ananuka mwenyewe, na si kwa sababu ya kambale.

Thaddée alimpa chupa ya maji. "Sukutua."

"Yale maneno niliyosema—"

"Sukutua kwanza, sheri."

Alisukutua, akatema, akasukutua. Ladha ilikataa kutoka.

"Bado nanuka."

"Nasikia kutoka hapa."

"Wazee wako..." Alipangusa midomo. "Bado watakuja?"

Thaddée alishika kile kidole chake alichochovya, akakifuta kwa pembe safi ya kitambaa, pingili kwa pingili, bila haraka, kama anavyofuta kifaa kabla ya kukirudisha mahali pake.

"Watakuja," alisema. "Ila wewe piga mswaki. Mara tatu."