Tepu Iliyolala Ghalani kwa Mbula

Ninyi watu wa Mbumbuni na Kanyangi, na hasa ninyi vijana mnaoshika kazi za ofisi, nipeni masikio. Habari hii ni ya mwaka wa 1984, mwaka wa ule ukame, lakini inaanza siku njema.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi huko Mbumbuni. Mama Mbula alikuwa ameketi mlangoni pa ghala lake akichagua kunde za mbegu. Mwanawe Ndeti, aliyefika jana yake kutoka Nairobi, alikuwa kando yake akinywa uji.

Ndeti alikuwa mtunza tepu katika chumba cha kompyuta cha shirika moja la misaada. Siku ya kwanza kuingia chumba kile alivua kofia bila kuambiwa. Mtambo ulikuwa mpana kuliko nyumba ya mama yake, ukinguruma katika baridi iliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Ndani yake yalikaa majina ya nyumba elfu thelathini za Kitui na Makueni, zilizongoja mahindi na mbegu. Na majina hayo yote yaliweza kunakiliwa kwenye tepu moja, utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu dogo kama sahani ya ugali. Watu wote hao, na mtu mmoja anawabeba kwapani!

Kanuni zilikuwa wazi. Kila Ijumaa diski ya mtambo ilinakiliwa kwenye tepu. Tepu mpya iliitwa mwana, ya wiki iliyopita baba, na ya kabla ya hiyo babu. Babu alipelekwa Mbumbuni, ghalani kwa Mama Mbula, ili ofisi ikiungua majina yasiungue nayo, na babu wa zamani akarudishwa kuandikwa upya. Kila asubuhi vichwa vya mashine ya tepu vilisafishwa kwa spiriti. Kila tepu mpya ilisomwa hadi mwisho, kisha Ndeti akatia sahihi kwenye rejista.

Lakini mazoea hula moyo kama fukusi anavyokula mahindi. Ndeti alikuwa ameanza kuona saa mbili za kusoma tepu kuwa nyingi, na nyama choma ilikuwa ikimngoja kwa marafiki. Akatia sahihi bila kusoma. Spiriti ikakauka chupani. Mtambo ulipochapa maonyo, aliyachana akayatupa.

"Mwaitu, nipe ile tepu ya zamani," alimwambia mama yake Jumamosi ile. "Nimekuletea mpya."

Mbula hakuinua macho. "Hiyo mpya umeiotesha?"

"Nimeifanya nini?"

"Mimi hutia kunde kumi kwenye kitambaa kibichi. Zikiota, ndipo mbegu ya mwaka jana inatoka ghalani. Hiyo yako umeijaribu?"

Ndeti alicheka. "Mwaitu, hii si kunde. Ni kompyuta."

"Nimekuuliza, umeijaribu?"

"Bado."

"Basi ya zamani haitoki."

"Basi kaa nayo! Labda uichanganye na mahindi upike githeri."

Akarudi Nairobi na tepu mpya mkononi, akachukua tepu nyingine tupu stoo, na tangu siku hiyo hakupeleka babu tena. Mwana, baba na babu wakalala rafu moja ofisini.

Wiki saba zikapita. Malori yalikuwa yamepakiwa, mawingu ya Oktoba yanakusanyika, ndipo asubuhi moja diski ikalia kama kisu kwenye jiwe. Ikanyamaza. Majina yakafutika.

"Tusitishike," alisema Bi Shufaa, mkuu wa chumba, mama mpole wa Kitui mjini. "Ndeti, leta mwana."

Mwana hakusomeka. Baba hakusomeka. Babu alizunguka kidogo akakwama; wote waliandikwa kwa vichwa vichafu.

Bi Shufaa alifungua rejista. "Hapa umeandika zimesomwa zote. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulizisoma?"

Akilini Ndeti aliona milima na mabonde ya kwao, moshi ukikosekana jiko baada ya jiko. "Hapana, Bi Shufaa."

Bi Shufaa hakupaza sauti. "Basi nyumba elfu thelathini hazina jina."

Hapo Ndeti akakumbuka ghala.

Yeye na Bi Shufaa walipofika Mbumbuni kwa gari la ofisi, Mbula alitoa debe lenye kifuniko. Tepu ilikuwa ndani ya kasha lake, imefungwa leso safi. "Nilitaka kuitia majivu kama mbegu nyingine," alisema, "lakini uliwahi kuniambia haitaki vumbi."

Bi Shufaa alimshika mikono yote miwili.

Nairobi, Ndeti alisafisha vichwa kwa spiriti. Gurudumu likazunguka. Kisha printa ikaanza kulia, na majina yakatiririka kwenye karatasi: Mutunga, Muthoki, Kaluki, Nzomo, kijiji baada ya kijiji, kama watu wanaotoka makaburini wakiitwa. Ndeti alilia mbele ya wenzake, na hakuona haya.

Lakini babu huyo alikuwa wa wiki kumi nyuma, kwani siku ile ya kunde alikuwa na wiki tatu tayari. Nyumba mia mbili na kumi na nne za Kanyangi, zilizoandikishwa baadaye, hazikuwamo. Ndeti alishushwa cheo, akatumwa kuziandikisha upya kwa miguu. Mvua ya kwanza ikanyesha yeye akiwa bado njiani, na mbegu zao zikafika imeshapita. Kwetu mvua ya kwanza haina mbadala.

Mzee Ndululu alimpokea kwenye shamba tupu. "Kijana, niliandikwa jina, nikabonyeza kidole kwenye karatasi. Kisha nikapotea. Nilipotelea wapi?"

"Mikononi mwangu, mzee," Ndeti alijibu. "Niliandika kuwa nimekusoma, na sikuwa nimekusoma."

Mzee akanyoosha kidole gumba, kibonyezwe tena kwenye wino.

FUNZO

Wapendwa, nakala isiyojaribiwa si akiba, ni tumaini tu. Sahihi unayotia bila kufanya kazi ni deni juu ya mtu usiyemjua, naye atalilipa kwa njaa. Na usiidharau elimu ya mama yako kwa sababu wewe umesoma. Nami nimesoma, tena ukubwani, na nawaambia: otesha kwanza, ndipo utoe ya zamani ghalani.