Ndoo ya Kila Asubuhi

Jogoo wa jirani hajawika sawasawa, Chapuchapu keshaamka. Anamchemshia bibi yake chai, anampelekea kitandani, anamvisha ndara, na kabla ya kukimbilia shule anamwagilia mimea ya uani ndoo nzima. Ni kwa haraka zake hizo watu wakamwita Chapuchapu.

Uani palikuwa na mteremko. Mvua ilikuwa imeula udongo mpaka Bibi akateleza na kuvunjika mguu. Aliporudi kutoka hospitali, aliagiza pale upandwe mmea mfupi wa kutambaa, wenye vijani vinene kama vidole vya mtoto mchanga, ili ushike udongo. Mfupa uliunga, lakini muuguzi alionya, "Bibi, usipotembea kila siku, mguu utakakamaa, na hutainuka tena."

Tatizo ni kwamba Bibi akiinuka tu, mjukuu huyo, mbio!

"Keti, Bibi! Utaanguka! Unataka nini?"

"Kunawa uso."

"Nakuletea maji."

"Haya, mama, lete," Bibi alisema, akaketi tena.

Jumamosi moja Chapuchapu alikuta vijani vimegeuka manjano. Alipovigusa vilibonyea, na mashina yalinuka uozo. Lo! Akamwaga ndoo ya pili. Wapi! Akaangua kilio.

"Bibi, mimea yako inakufa! Na kila siku naimwagilia, jamani!"

Bibi alitokea mlangoni na mkongojo wake. Chapuchapu akaruka kumshika.

"Niache," Bibi alisema kwa upole. "Nikikuhitaji nitakuita."

Akashuka polepole, akaketi kwenye kigoda, akaushika udongo. "Umeizamisha, mwanangu. Mmea huu huweka maji yake majanini. Ngoja udongo ukauke ndipo uunyweshe." Akakata ncha zilizokuwa bado ngumu. "Hizi zikae kivulini mpaka pale nilipokata pakauke. Kisha tutazipanda kwenye udongo wenye mchanga."

"Nilikuwa nauonea huruma, Bibi."

"Najua. Hata mimi umenionea huruma mpaka mguu umeanza kukakamaa."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Roho ilimuuma kweli. "Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie wewe! Nani mwingine angenipikia chai yenye sukari ya watu watatu?" Bibi alimvuta, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kusaidia ni kuzuri, mjukuu wangu. Lakini kwanza muulize unayemsaidia anahitaji nini. Ukimpa usichomuuliza, unaweza kumdhuru huku unampenda."

Wakamaliza kukata ncha zote. Bibi akashika mkongojo, akaanza kuinuka. Mguu ulitetemeka. Chapuchapu aliikalia mikono yake mwenyewe, isije ikamponyoka. Bibi akayumba kidogo, kisha akasimama.

"Unahitaji nini, Bibi?"

"Nipishe, nipite."

Chapuchapu akampisha.