Redio Avaa Vyuma vya Meno

Kila alasiri, akitoka shuleni, Redio alipitia chumba cha kunyolea cha baba yake. Alitundika mkoba nyuma ya mlango, akafagia nywele zilizotapakaa sakafuni, kisha akachukua gazeti na kuwasomea wateja habari. Jina hilo la Redio walimpa wateja wenyewe, kwa kuwa msichana huyo alikuwa na sauti kama kengele, na akishaanza, hazimwi.

"Redio, leo dunia inasemaje?" mteja alimuuliza kabla hata hajafungwa kitambaa shingoni.

Lakini kinywani mwa Redio hamkuwa na amani. Chonge mbili za juu zilichomoza mbele ya meno mengine, na meno ya chini yalipandana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Mswaki haukufika kote, na fizi zilivuja damu mara kwa mara. Daktari wa meno alipomchunguza alisema vyuma vinahitajika, na daktari huyo, mwanamke, hakumficha kitu.

"Nitabandika vibati vidogo juu ya meno yako na kupitisha waya," alieleza. "Kubandika hakuumi. Kesho yake ndipo utakaponikumbuka! Meno yatauma siku chache kwa sababu yanasukumwa, kwa hiyo utakula vitu laini. Mashavu yatakwaruzwa mpaka yazoee. Nitakupa nta ya kufunika panapochoma. Usitafune barafu, pipi ngumu wala kitu cha kunata. Kila ukila, piga mswaki. Na kila mwezi utakuja niikaze waya, labda kwa miaka miwili."

"Miwili!" Redio alimgeukia baba yake aliyemsindikiza.

"Mimi nanyoa, daktari ananyoosha," baba alisema. "Mwenye kichwa ni wewe, binti yangu. Unataka au hutaki?"

Redio alifikiria zile fizi zinazotoka damu. "Nataka," akajibu.

Akavishwa vyuma, na yote aliyoambiwa yakatokea. Siku ya pili hata ndizi mbivu ilimshinda, akanywa uji huku akishika shavu. Hayo aliyavumilia. Lakini daktari alikuwa amegusia pia kwamba ulimi ungehitaji muda kuzoea, na hilo Redio hakulitia maanani. Aliposimama darasani kusoma, neno "sisi" lilitoka "shishi", tena na mate juu yake. Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Pisheni, treni inapita kwenye reli ya meno!"

Tangu siku hiyo Redio akazimika. Kwa baba yake alifagia kimya, na gazeti likabaki limekunjwa. Kibaya zaidi, yeye ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa darasa lao katika mdahalo wa shule, na mdahalo ulikuwa umekaribia. Alimwendea mwalimu wao, mkono mdomoni.

"Mwalimu, tafuta mtu mwingine."

"Nimekusikia," mwalimu alijibu. "Lakini leo sikuondoi. Kajaribu kwanza, halafu Ijumaa uje uniambie umejaribu nini."

Baba alipopata habari, alizima mashine ya kunyolea. "Unaogopa nini hasa?"

"Watanicheka, baba." Machozi yalikuwa karibu.

"Wengine watakucheka, sikudanganyi. Basi jizoeze hapa, mbele ya watu wasioweza kukimbia. Nani atatoka nje na kichwa kilichonyolewa nusu?"

Redio akacheka bila kutaka. Akasimama kando ya kioo, akaanza hotuba yake ya kutetea kwamba watoto washirikishwe katika mipango ya nyumbani. Seremala aliyekuwa kitini akamkatiza. "Rudia. Hiyo 'sisi' bado ina maji."

Akarudia, safari hii polepole. Alimeza mate, akajifunza mahali pa kuuweka ulimi. Alasiri baada ya alasiri wateja walipokezana kitini, hotuba ikawa ile ile, hata seremala akaikariri, akawa anaitoa kazini huku akipiga randa. Vidonda vya mashavuni vikapona. Ijumaa Redio akamwendea mwalimu.

"Nimejaribu, mwalimu. Niache palepale."

Siku ya mdahalo baba alifunga kazi mchana, jambo ambalo hakulizoea, akaja nywele za wateja zikiwa zimemganda mikononi. Redio akasimama. Katika sentensi ya kwanza kabisa, "sisi" ikateleza. Minong'ono ikaanza. Redio akameza mate, akaliangalia lile neno kama mtu anayeliangalia dimbwi kabla ya kuliruka. Kisha akalisema tena, safi, ukumbi mzima ukalisikia. Hakukwama tena. Matokeo yalipotangazwa, darasa lao lilikuwa limeshinda, na yule msichana wa dawati la nyuma ndiye aliyeruka juu wa kwanza.

Siku ya kukaza waya ilipofika, daktari alimwonyesha Redio picha ya meno yake ya zamani, kisha akampa kioo. Chonge zilikuwa zimeanza kurudi ndani. Fizi hazikuvuja damu, na hakuna kibati hata kimoja kilichong'oka.

"Waya yangu inasukuma meno," daktari alisema, "lakini haishiki mswaki, wala haifundishi ulimi. Kazi hizo ni zako, na umezifanya hata siku ambazo ziliuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kumbuka hilo katika kila jambo unalolitaka, mwanangu."

Nje, mzee mmoja mwenye mvi alikuwa akisubiri zamu yake. Alimwona Redio akitabasamu, vyuma vyote nje.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "nami leo navishwa hivyo. Vinauma?"

"Vinauma siku chache, babu," Redio alijibu kwa sauti yake ile ya kengele. "Anza na uji, na omba nta mapema. Halafu usiache kuongea!"

Baba yake, aliyekuwa akimsubiri hapo nje, akasimama wima kando yake. "Huyu ni binti yangu," akawaambia watu wote waliokuwa kwenye benchi, ingawa hakuna aliyemuuliza.