Gari la Mashindano Uani kwa Papa Ngoy

Sogezeni viti karibu, jamaa wa Kalemie, na ninyi mlioko Moba hadi Kabalo mtege sikio. Kila Jumapili tunakemea ulevi, tunakemea uzinzi na wizi, na tunafanya vema. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao hatuukemei kwa sababu tumeupa jina zuri. Tunauita akili. Mtu akimshuku kila anayepita mlangoni pake, tunasema huyo amefunguka macho. Basi sikilizeni yaliyomfika mmoja aliyefunguka macho hivyo.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati majina ya ubatizo yamekatazwa ofisini, ingawa majumbani akina mama waliendelea kuyaita kama kawaida. Jumapili moja baada ya misa, Papa Ngoy alikuwa ameketi uani na watu wake. Mkewe, Mama Pascasie, alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwao. Mdogo wake Isidore, mpakuaji wa mizigo bandarini, alikuwa akimtania Bertille, binti wa pekee wa nyumba ile, kwa jinsi mimba ilivyomfanya atembee kama bata. Bertille alikuwa ameolewa na mwalimu Sébastien katika kijiji kilichoko kwenye barabara ya Moba, na siku hiyo wawili hao walikuja kusalimia. Walikula samaki na sombe la majani ya muhogo, wakashiba, wakacheka mpaka jirani akauliza kuna arusi gani.

Katikati ya ua, chini ya turubai, lilisimama gari.

Halikufanana na gari lingine lolote mjini. Mhandisi mmoja wa barabara, Mzungu aliyeitwa Bwana Édouard, alilitengeneza kwa mikono yake na ya Papa Ngoy, dereva wake, akiota kwenda kushindana jangwani. Walichukua chesi ya Land Rover, wakaifupisha, wakaifungia injini kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo. Milango hawakuweka. Mahali pa paa walichomelea mabomba ya chuma, ili gari likibingirika waliomo wasipondeke. Lilikuwa na viti viwili tu, mikanda mipana ya kujifunga mabegani, na matairi yanayofika kiunoni mwa mtu. Lilipanda mawe kama mbuzi. Mkataba wa Mzungu ulikwisha kabla ya ndoto yake, na fedha za kumlipa dereva dekonti yake, yaani haki yake ya mwisho wa kazi, hazikuwapo. Akamwachia gari pamoja na karatasi zake zote. Papa Ngoy akatundika kibao, À VENDRE, akinuia kuliuza na kununua mashine ya kusaga mahindi, ili azeeke kwa heshima.

Tangu hapo usingizi ukamhama.

Niseme haki. Miaka ile ilimfundisha mtu kushuku. Askari aliazima baiskeli, isirudi. Mkubwa wa ofisi aliomba kutazama karatasi, zikazama kwenye meza yake. Kuogopa hakukuwa ujinga. Kosa la Papa Ngoy lilikuwa kwamba hakujua mahali pa kukomea.

Kwanza alichomoa kichwa cha delko, kile kifaa kidogo kinachogawa moto kwenye injini. Bila hicho gari ni chuma tu. Akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni, akaenda nacho sokoni, shambani, na hata mezani pa Bwana kupokea komunyo. Kisha akaanza kumwaga majivu kuzunguka matairi ili aone nyayo za atakayesogea. Mnunuzi akifika, yeye ndiye aliyehojiwa: nani amekutuma, umelala kwa nani, mbona unatazama sana upande wa lango? Wanunuzi walitoka mle jasho likiwatiririka kama wametoka kwa komisa wa polisi, na hawakurudi.

"Baba Bertille," mkewe akamwuliza, "hii motoka iko ya kuuzisha ao ya kuchunga?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu. Methali hiyo aliisema mara nyingi kuliko Baba Yetu. Wanakwaya wenzake Mama Pascasie, waliozoea kufanyia mazoezi pale uani, akawafukuza kwa madai kwamba mmoja wao alikuwa na shemeji jeshini.

Mnaona ugonjwa unavyopanda? Umetoka langoni, sasa uko jikoni. Ulibaki mlango mmoja tu, wa damu yake mwenyewe, na aliyeufungua ni jirani, Germain, mtu asiyeweza kulala na neno tumboni.

"Papa Ngoy, mie sipendi maneno," alisema, kama wasemavyo wote wanaoyapenda. "Lakini nimemuona Isidore na ule tajiri mwenye ng'ombe wa Pepa, kule milimani. Walikuwa wanakunywa. Isidore anachora motoka yako na kidole juu ya meza. Ule mutu anacheka, anamugonga mabega."

Papa Ngoy alirudi uani, akalitazama gari lake. Isidore! Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, akamlipia minerval, karo ya shule, mpaka akajua kusoma! Sasa alielewa, au alidhani ameelewa, kwamba wawili hao wanapanga kumnyang'anya gari. Ndiyo maana mdogo wake alikuwa akiuliza kila mara kama mafuta yamo. Ndiyo maana alijitolea kuosha matairi. Angeweza kumwita akamwuliza, na jambo lingeisha kabla chai haijapoa. Hakumwita. Alitaka amkamate kwa ushahidi.

Mvua za masika zikaanguka kwa hasira mwaka ule. Vijito vilikula barabara ya Moba, madaraja ya miti yakaenda na maji, malori yakakwama yakipangana kwenye matope. Habari zilifika mjini kwamba hata lori la yule mwenye ng'ombe wa Pepa lilikuwa limezama huko mpaka kwenye ekseli.

Alasiri moja Isidore aliingia uani mbio, amelowa chapachapa.

"Yaya, kaka yangu, toa motoka! Bertille yuko na uchungu tangu jana. Mutoto amelala kwa kukingama. Muganga wa kule amesema yeye hawezi, wamulete hapa hospitali haraka. Lori hata moja haiwezi kupita. Yako itapita."

Papa Ngoy alisimama. Baba yeyote angesimama. Lakini kabla mguu haujaondoka, ile sauti yake ya ndani ikamshika shati. Barabara ya Moba. Lori la mwenye ng'ombe limekwama wapi? Barabara ya Moba. Na Isidore anataka gari liende wapi?

"Nani amekuletea hiyo habari?"

"Mutu wa kinga, amebeba baiskeli yake kwenye matope mpaka bandarini. Mie njo amenikuta wa kwanza."

"Yuko wapi huyo mutu wa kinga?"

"Amerudia kule! Yaya, tutasimama hapa kuulizana?"

"Mwezi wa Bertille haujafika," Papa Ngoy akasema polepole. "Nenda uniletee karatasi ya huyo muganga, yenye kashe, muhuri wa dispansari. Nikiona kashe, nitawasha."

Isidore alimtazama kaka yake kama anayemtazama mgeni. "Karatasi? Mutoto wako anakufa, unaniomba karatasi?"

"Mwambie mutu wako wa Pepa avute lori yake na ng'ombe zake."

Mama Pascasie alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alipiga magoti pale kwenye majivu, akashika suruali ya mumewe. "Baba Bertille, hata kama ni uongo, twende tuone uongo! Tukikuta hakuna kitu, tutarudi."

"Na wewe mumepatana," alimjibu.

Neno hilo halina dawa, jamaa zangu. Mama Pascasie aliinuka, akajifunga kikwembe cha pili kiunoni, akamfuata shemeji yake. Walitoka langoni kwa miguu kwenye mvua. Papa Ngoy akafunga lango, akaketi kwenye kiti cha gari lake, mkono mfukoni, akashika kile kifaa chake. Aliona ameshinda. Alingoja watu wa Pepa waje kwa nguvu ili awapigie kelele. Hawakuja. Hakuja mtu yeyote, na nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyopata kuisikia.

Kulipopambazuka mkewe hakuwa amerudi, na hapo ndipo akili ya kweli ilipoamka. Mwanamke hatembei usiku kucha kwenye mvua kwa ajili ya lori la mtu mwingine. Papa Ngoy alirudisha kichwa cha delko mahali pake, akawasha, akaligonga na kuliangusha lango lake mwenyewe akitoka.

Lo, gari lile! Lilipita palipowashinda wenye malori. Lilishuka makorongo, likaogelea vijito maji yakiingia miguuni mwa dereva, likapanda ng'ambo likinguruma. Madereva waliokwama walisimama juu ya mizigo yao wakashangilia, wakidhani ni mashindano. Yeye alikuwa akilia. Kila kijito alichokivuka kilimwambia kwamba jana pia angekivuka.

Alikutana nao kwenye kilima, wanaume wanne wenye matope mpaka kifuani, wamebeba tipoyi, machela ya miti na mablanketi. Mti wa mbele alikuwa nao Isidore begani. Aliyeshika wa pili alikuwa mtu mnene aliyepoteza kiatu kimoja, na Papa Ngoy alimtambua: yule mwenye ng'ombe wa Pepa. Alikuwa ameacha lori lake na mali yake yote kwenye matope, akaja na wafanyakazi wake kumbeba binti asiyemjua. Nyuma walifuata Mama Pascasie na mwalimu Sébastien.

Papa Ngoy aliruka chini. "Mwanangu! Mumuweke humu! Mumuweke humu!"

Walimfunga Bertille kwenye kiti kwa ile mikanda mipana. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Alifungua macho, akamwona baba yake.

"Papa, habari haikukufikia?"

Papa Ngoy aliinama akakaza mkanda.

"Ilimufikia," Mama Pascasie akasema.

Hospitali walimpasua, naye akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa tumboni, na daktari, alipoulizwa, alisema kwa upole kwamba kama wangefika jana yake jioni angelia kama watoto wote.

Mnataka kujua juu ya yule mwenye ng'ombe? Alikuwa ameshauriwa na Isidore alinunue gari kwa bei nzuri, kwa ajili ya njia mbaya za milima ya Marungu, na Isidore hakuwa ameomba hata senti ya komisyo. Alitaka kumfurahisha kaka yake. Mnunuzi akalichukua kweli. Mashine ya kusaga ikanunuliwa, inasaga mpaka leo, na Papa Ngoy hana njaa. Lakini Isidore alipoletewa na kaka yake zawadi ya shukrani, aliirudisha kwa adabu: "Yaya, mie siko mutu wa kuuza habari." Mama Pascasie alirudi nyumbani, akapika, akafua, akawa anajibu anachoulizwa na si zaidi.

Baadaye Mungu akampa Bertille mtoto mwingine. Papa Ngoy alisafiri kwenda kumwona, na kuku wawili na kikwembe kipya. Walimpokea vizuri, wakampa kiti chenye mgongo. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa kiume wa kwanza kuishi angechukua jina la babu mzaa mama, awe majina yake, mtu wake wa kurithi jina. Papa Ngoy alimpokea mtoto, akamwita kwa furaha, "Majina yangu!"

Watu walitazama chini. Bertille ndiye aliyesema, kwa sauti ya heshima.

"Hapana, Papa. Huyu njo majina ya papa mudogo. Anaitwa Isidore."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubali jambo la kawaida. Akaendelea kumpakata mtoto. Ndipo akaona kwamba binti yake amesogeza kigoda chake karibu sana, mikono yake imekaa tayari magotini, na macho yake hayaondoki kwenye vidole vya baba yake. Alikuwa anamchunga. Papa Ngoy aliyafahamu macho yale kuliko mtu yeyote pale, akamrudisha mtoto kabla hajaombwa.

FUNDISHO

Ndugu zangu, fungeni milango yenu, wezi wapo, mimi siwadanganyi. Lakini damu yako ikija imelowa kuomba msaada, toka kwanza, uliza njiani. Ukidanganywa, utakuwa umepoteza mafuta ya gari na heshima kidogo, na vyote hivyo vinarudi. Ukimnyima wa kweli kwa kuogopa wa uongo, utapoteza kisichorudi. Na tena, watoto hujifunza tunavyotazama. Anayewatazama watu wa nyumbani mwake kama wezi, siku moja nao watamtazama hivyo hivyo, na hatakuwa na la kuwaambia.